Kibanda cha Picha Mpakani: Programu Huria katika Kompyuta za Aina Tatu

Picha ya pasipoti ni kitu kidogo mno. Upana wake ni milimita 35, urefu wake milimita 45, na uzito wake hautikisi mizani yoyote ya dukani. Hata hivyo katika mji wa Tunduma, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 huingia nchi ya Zambia, kipande hicho cha karatasi kinaweza kumzuilia mtu safari yake. Mfanyabiashara avukaye Nakonde na kuendelea mpaka Lusaka, dereva wa lori, mwanafunzi wa Vwawa au Mlowo anayejaza fomu ya chuo, wote hupita kwanza mbele ya kamera. Picha ikikataliwa dirishani kwa kuwa kivuli kimefunika shavu, au kwa kuwa vipimo havikutimia, hasara humwangukia mwenye uso wala si mwenye kamera: hulipa nauli ya pili, hupoteza siku, na pengine hukosa nafasi aliyokuwa akiiwania.

Nyuma ya kamera hiyo siku hizi hakuna tena chumba cha giza wala beseni za dawa za kusafishia filamu. Pana kompyuta, na mara nyingi ni kompyuta ya umri mkubwa iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Kwa mashine za namna hiyo tarehe 14 Oktoba 2025 ina uzito wa pekee. Siku hiyo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa kwa kawaida marekebisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wenye kikomo. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai kompyuta yenye kijenzi cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2014, hata iwe inafanya kazi vizuri kabisa, kwa masharti hayo imefungiwa mlango.

Mwenye studio ya picha anabaki na njia tatu. Anaweza kununua kompyuta mpya. Anaweza kuendelea na ile ya zamani bila kinga, akisubiri virusi vitakavyoletwa na diski mweko ya mteja. Au anaweza kuweka mfumo endeshi mwingine usiodai ada, pamoja na programu ya kibanda cha picha inayokubali kufanya kazi ndani yake. Njia hii ya tatu ndiyo inayozungumzwa hapa. Watu wengi huikimbia kwa kuidhania kuwa kazi ya mabingwa. Lakini ukiichunguza, utaona kwamba programu zenyewe si ngumu kusimika. Ugumu umo katika njia iliyopo kati ya programu na kamera, na njia hiyo haifanani katika Windows, Linux na macOS. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiielewa njia hiyo anaweza kuikamilisha kazi nzima kwa alasiri moja.

Mashine ya Josepho

Wazo la mtu kuketi peke yake kibandani na kutoka na picha zake ni la zamani kuliko kompyuta. Anatol Josepho, mzaliwa wa Siberia aliyehamia Marekani, alifungua kibanda chake kilichoitwa Photomaton katika barabara ya Broadway mjini New York mwaka 1925. Kwa senti 25 za Kimarekani mtu alipata picha 8. Ndani ya kibanda kulikuwa na mashine iliyopiga picha, ikaipitisha karatasi katika dawa mbalimbali, ikaikausha na kuitema nje bila mkono wa mpiga picha kuigusa. Miaka miwili baadaye aliuza haki zake kwa dola milioni moja.

Kazi zote za mashine ile, yaani kuhesabu muda, kufungua jicho la kamera, kupanga picha na kuzitoa, leo hufanywa na programu. Kwa hiyo swali la kibanda limehama kutoka kwenye vyuma na dawa likawa swali la maandishi: ni nani aliyeandika maagizo hayo, na ni nani anayeruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha?

Maana ya uhuria

Programu huandikwa na binadamu kwa lugha inayosomeka, na maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Kampuni nyingi huuza programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu za mashine na kuuficha msimbo wenyewe. Programu huria hufanya kinyume chake: msimbo huwekwa wazi, na leseni humpa kila mtu ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Harakati hizi zilipata umbo mwaka 1983, wakati Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo endeshi ambacho sasa dunia nzima hukiita Linux.

Tanzania haikuwa mtazamaji tu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ile isingaliwezekana kama msimbo ungalikuwa umefungwa kabatini, kwa maana hakuna atafsiriye kitabu asichoruhusiwa kukifungua.

Kwa mji wa mpakani uhuria una faida nyingine iliyo wazi zaidi. Faili la kusimikia Linux Mint lina ukubwa wa gigabaiti 3 hivi. Kulipakua mara kumi kwa bando la simu ni gharama isiyo na sababu. Leseni ya programu huria humruhusu mwalimu alipakue mara moja, alinakili katika diski mweko, na kuligawa kwa shule na studio zote za Songwe bila kuvunja sheria. Programu za kuhariri picha zinazouzwa kwa nakala za wizi hazina uhalali huo, na mara nyingi ndizo zinazobeba virusi, maana aliyezivunja kufuli hakulipwa mshahara, naye alitafuta malipo yake mahali pengine. Kinachotakiwa tu ni kuhakiki kwamba faili halikuharibika njiani wala halikuchezewa: wachapishaji hutoa alama ya tarakimu iitwayo SHA-256, na kompyuta hukokotoa alama ya faili lililopakuliwa ili zilinganishwe. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo halifai.

Mkalimani aliye katikati

Nuru inapogonga kihisi cha kamera hugeuka kuwa umeme, umeme hugeuka kuwa namba, na namba hizo husafiri katika waya wa USB. Programu ya kibanda hairuhusiwi kuzungumza na waya moja kwa moja. Huomba kwa mfumo endeshi, na mfumo endeshi humtumia mkalimani aitwaye kiendeshi, ambaye anaijua lugha ya kamera ile. Mkalimani akikosekana kamera haionekani kabisa, hata kama taa yake inawaka.

Zamani kila mtengenezaji wa kamera alikuja na mkalimani wake ndani ya diski iliyofungwa pamoja na bidhaa, na aghalabu mkalimani huyo alijua Windows peke yake. Hali ilibadilika mwaka 2003, pale watengenezaji walipokubaliana juu ya kanuni moja iitwayo UVC kwa kamera ndogo za kompyuta. Wakazi wa Tunduma wana mfano wa jambo hili mlangoni mwao. Mnyamwanga wa upande huu na Mnyamwanga wa Nakonde husemezana bila mtu wa tatu, ingawa wana pasipoti mbili na fedha za aina mbili. UVC ni lugha ya namna hiyo. Kiini cha Linux kilipokea kiendeshi chake, kilichoandikwa na Laurent Pinchart, mwaka 2008. Windows na macOS nazo zina vyao. Ndiyo maana kamera ndogo ya kawaida ikichomekwa leo hutambuliwa katika mifumo yote mitatu bila kusimika chochote.

Kamera kubwa zenye lenzi za kubadilisha ni habari nyingine. Nyingi kati yake hazisemi UVC. Husema lugha ya kuhamishia picha iitwayo PTP, ambayo kila kampuni imeiongezea msamiati wake. Hapa ndipo mradi huria wa gPhoto ulipofanya kazi kubwa ya uvumilivu: umekusanya katika maktaba moja ujuzi wa kuzungumza na maelfu ya aina za kamera. Programu za kibanda kama pibooth, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, na Photobooth, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP, huitegemea maktaba hiyo zinapotumia kamera kubwa katika Linux.

Katika Linux

Katika mifumo ya jamii ya Debian, ambayo ndani yake mna Ubuntu na Linux Mint, programu hazitafutwi huku na huko. Huwekwa katika hazina moja inayosimamiwa na wenye mfumo, na mtumiaji huagiza kwa jina. Amri ifuatayo huleta chombo cha gPhoto pamoja na vyote kinavyovitegemea:

sudo apt install gphoto2

Kisha kamera ikichomekwa na kuwashwa, amri ya gphoto2 --auto-detect hutaja jina lake. Mtu akiliona jina hilo atadhani kazi imekwisha. Anapoagiza picha ya kwanza, kompyuta hujibu kwamba kamera imekwisha kushikwa na mwingine. Watu wengi wamekata tamaa hapa na kurudi Windows, kumbe aliyeishika ni mfumo wenyewe! Mazingira ya Linux yana mtumishi mdogo ambaye, akiona kamera imechomekwa, huikimbilia na kuifungua kama kabati la picha ili mtumiaji azinakili. Kifaa cha USB hakiwezi kuwatumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Mtumishi huyo, ambaye jina lake ni gvfs-gphoto2-volume-monitor, akisimamishwa, kamera huachiliwa na programu ya kibanda huipata.

Jambo la pili linalowakwaza watu ni la Python. Tangu Debian 12 ilipotoka mwaka 2023, mfumo hukataa kuchanganya vifurushi vya Python vya mtumiaji na vile vinavyoendesha mfumo wenyewe. Katazo hili huudhi, lakini lina busara, kwani zamani kifurushi kimoja kibaya kiliweza kuiangusha kompyuta nzima. Mtumiaji hutengeneza kwanza chumba cha pembeni kwa amri ya python3 -m venv kibanda, huingia ndani yake, na humo husimika apendavyo. Akiharibu, hulifuta folda moja tu na kuanza upya.

Katika Windows

Windows ina sifa yake: karibu kila kamera na kila kichapishi kinachouzwa madukani kimetengenezwa kwa kuifikiria yenyewe kwanza. Kwa kamera ndogo ya UVC kazi huishia katika kupewa ruhusa, kwa sababu Windows 10 na 11 zina ukurasa wa faragha unaoamua ni programu zipi zinazoruhusiwa kuitumia kamera. Ruhusa ikiwa imezimwa, programu huonyesha giza tupu, na fundi hulaumu waya.

Kwa kamera kubwa maktaba ya gPhoto haina makao ya kawaida katika Windows, kwa sababu mfumo huo huiwekea kamera mkalimani wake usioelewana na maktaba hiyo. Badala yake hutumiwa digiCamControl, programu huria iliyoandikwa mahususi kwa Windows, inayozijua hasa kamera za Nikon na Canon. Programu ya Photobooth hufanya hivyo hivyo: katika Linux humwita gPhoto, katika Windows humwita digiCamControl, ilhali uso wake unaoonwa na mteja haubadiliki. Kwa mwanafunzi wa kompyuta hilo ni funzo zuri la usanifu. Sehemu inayotofautiana imetengwa katika pembe moja, na sehemu kubwa iliyobaki haina habari kama iko Windows au Linux.

Inawezekanaje haya? Photobooth hujifanya seva ndogo ya tovuti ndani ya kompyuta ileile, na mteja huiona kupitia kivinjari. Kivinjari kimekwisha kuandikwa na wengine kwa kila mfumo, na wao ndio waliobeba mzigo wa tofauti. Njia hii ina mtego mmoja. Kivinjari hukataa kuipa tovuti kamera isipokuwa tovuti imefungwa kwa kufuli ya usalama, yaani anwani yake inaanza kwa https, au imo ndani ya mashine hiyohiyo na kuitwa localhost. Fundi akijaribu kwenye kompyuta yenyewe huona kila kitu sawa. Akiifungua kutoka kwenye tableti iliyoko upande wa pili wa chumba kwa anwani ya kawaida, kamera hutoweka. Hapana kilichoharibika, kanuni ndiyo iliyofuatwa.

Katika macOS

Kompyuta za Apple ni chache katika studio za mikoani, hivyo maneno hayatakuwa mengi. Tangu mwaka 2005 Apple imekuwa ikitoa programu yake ya kibanda, lakini si huria na haiendeshwi katika mifumo mingine. Anayetaka gPhoto huipata kwa kutumia Homebrew, ambayo ni hazina ya programu huria kwa ajili ya Mac. Baada ya hapo hukutana na kikwazo kilekile cha Linux kwa jina jingine: mtumishi wa macOS huikamata kamera kabla ya gPhoto kuifikia, naye hana budi kusimamishwa. Aidha, tangu toleo la mwaka 2018, macOS humwuliza mtumiaji kwanza kabla ya kuiruhusu programu yoyote kufungua kamera, na programu isiyotiwa sahihi na mtengenezaji anayetambuliwa na Apple huzuiwa mlangoni hadi mtumiaji aikubali mwenyewe.

Hesabu ya karatasi

Sasa kamera imepatikana. Je, kamera ndogo ya bei nafuu inatosha kwa picha ya pasipoti? Hesabu hutoa jibu lisilotarajiwa. Uchapishaji mzuri huhitaji nukta 300 katika kila inchi, na inchi ni milimita 25.4. Kwa hiyo picha ya milimita 35 kwa 45 huhitaji pikseli 413 kwa 531. Kamera ya pikseli 1280 kwa 720, ikikatwa kwa uwiano huo, hutoa pikseli 560 kwa 720, nazo zinazidi kinachohitajika. Hata kamera ya zamani ya pikseli 640 kwa 480 inaweza kuokolewa. Ikiwekwa kama kawaida kimo chake ni 480, pungufu ya 531. Ikilazwa ubavu, na programu ikaamriwa kuigeuza picha kwa nyuzi 90, hutoa 480 kwa 617. Tatizo basi si wingi wa pikseli, kama wauzaji wanavyopenda kuhubiri.

Tatizo la kwanza ni umbali. Kamera ndogo zina lenzi pana, na mtu huvutwa karibu ili uso wake ujaze picha. Tuseme pua iko sentimita 40 kutoka kwenye lenzi na masikio yako sentimita 12 nyuma ya pua. Kwa kuwa ukubwa wa sura hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, pua itakuzwa mara 52/40, yaani 1.3, kuliko masikio. Mteja akisogezwa mpaka pua iwe sentimita 150, uwiano huwa 162/150, yaani 1.08 tu. Uso ni uleule, lakini picha ya kwanza ina pua ya mtu mwingine. Mwalimu wa fizikia anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kamera yoyote na rula. Kukaa mbali, bila shaka, hupunguza pikseli zinazoangukia uso, na hapo ndipo kamera bora inapostahili bei yake.

Tatizo la pili ni karatasi. Karatasi ya picha ya sentimita 10 kwa 15 hubeba picha 8 za pasipoti zikipangwa mbili kwa nne, kila moja ikiwa imelazwa: milimita 90 kwa 140, na ukingo wa milimita 10 ukabaki kila upande wa jumla. Lakini vichapishi hupenda kuijaza karatasi. Kikiachwa kinyooshe milimita 140 hadi 150, kila picha hutoka ikiwa na milimita 37.5 kwa 48.2. Macho hayaoni kosa hilo. Rula ya dirishani huliona. Katika Linux na macOS uchapishaji husimamiwa na mfumo huria uleule uitwao CUPS, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na ndani yake ukubwa hufungwa kwenye asilimia 100. Katika Windows mpangilio huo umo katika dirisha la kiendeshi cha kichapishi, na kila kampuni imeuficha mahali pake.

Tena vipimo si vya picha nzima tu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, zilizomo katika hati yake ya 9303, hutaka uso uchukue asilimia 70 hadi 80 ya kimo cha picha. Kwa milimita 45 hiyo ni milimita 32 hadi 36. Mandhari ya nyuma nayo hutofautiana: pasipoti ya Tanzania huombewa picha yenye mandhari ya buluu hafifu, ilhali viza ya Marekani hudai nyeupe, na picha yenyewe iwe mraba wa milimita 51. Studio ya mpakani yenye pazia moja ukutani haijajiandaa kwa wateja wake.

Ngozi nyeusi mbele ya pazia jeupe

Hapa pana jambo linalostahili kukaziwa kuliko yote yaliyotangulia. Kamera inayojipimia nuru yenyewe huchukua wastani wa picha na kujaribu kuufanya uwe kijivu cha katikati. Mtu mweusi akiketi mbele ya pazia jeupe, kamera huona weupe mwingi, huogopa, na kupunguza nuru. Pazia hugeuka kijivu na uso huzama gizani. Macho, ambayo ndiyo hasa afisa anayoyatafuta, hayaonekani. Watu wa nchi zetu wameambiwa kwa miaka mingi kwamba hawapigiki picha vizuri, na kumbe kilichokosewa ni mizani ya chombo.

Programu nyingi zilizofungwa hazimpi mtumiaji nafasi ya kuigusa mizani hiyo. Katika Linux amri ya v4l2-ctl huorodhesha kila kidhibiti kilichomo katika kamera, na muda wa nuru, mwangaza na rangi vinaweza kuwekwa kwa mkono na kubaki hapo. Mpigaji huweka taa mbili pande zote za uso, huweka ya tatu nyuma kuua kivuli cha pazia, hupima kwa kuitazama ngozi badala ya pazia, kisha hufunga vipimo hivyo visibadilike mteja ajapo na shati jeupe.

Tahadhari hiyo inahusu pia programu zinazoukagua uso zenyewe na kutoa hukumu kwamba picha inafaa au haifai. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti juu ya programu tatu za kibiashara zilizotambua jinsia kwa kuangalia sura. Kwa wanaume weupe kiwango kikubwa cha makosa kilikuwa asilimia 0.8, kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7. Programu zile hazikuwa za vibanda vya picha, lakini chanzo cha kasoro ni kilekile kinachoweza kuwamo katika chombo chochote kilichofundishwa kwa nyuso za watu wa upande mmoja wa dunia. Msimbo ukiwa wazi, na data zilizotumika kukifundisha zikiwa wazi, walau kasoro hiyo inaweza kutafutwa.

Nyuso zinazobaki nyuma

Mteja anapoondoka na picha zake nane, ya tisa hubaki ndani ya kompyuta. Wa kumi na wa mia vivyo hivyo. Studio iliyo kando ya kituo cha forodha hujikuta, pasipo kukusudia, inamiliki daftari la nyuso za watu waliovuka mpaka, pengine pamoja na majina yao na namba za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka akusanyaye taarifa za watu azitumie kwa lengo alilozikusanyia, na asizihifadhi kupita muda unaohitajika. Picha ya uso ya mtu anayetambulika imo ndani ya maana hiyo.

Kufuta faili kwa kulitupa kapuni hakutoshi, kwa kuwa mfumo endeshi hulifuta jina lake tu na kuyaacha maandishi yake diskini mpaka yafunikwe na mengine. Njia iliyo salama zaidi ni kuifunga diski nzima kwa nywila, jambo ambalo Linux Mint na Ubuntu huuliza wakati wa kusimikwa, na ambalo ni vigumu kidogo kuliongeza baadaye. Lipo na la pili. Programu za kibanda zilitengenezwa hasa kwa ajili ya harusi na mahafali, ambako furaha ni kuziona picha za kila mtu. Kwa sababu hiyo Photobooth ina ukurasa wa matunzio unaoonyesha kwenye kioo picha zote zilizopigwa, na yeyote aketiye kitini anaweza kuzipitia. Kwenye mahafali ya kidato cha nne hilo ni jambo la kupendeza. Katika studio ya mpakani mpangilio huo huzimwa kabla mteja wa kwanza hajaketi.